Kwa nini usingizi haunitii? Majibu kwa wasomaji wa Kisumu, Nakuru, Kakamega na Busia

Navua omena usiku hapa Dunga. Nikirudi asubuhi nalala papo hapo, lakini ikifika saa tano macho yako wazi, na jioni lazima niingie ziwani tena. Je, ni ugonjwa? (Mvuvi, Kisumu)

Si ugonjwa, ndugu yangu. Usingizi hutawaliwa na mambo mawili ubongoni, na kazi yako imeyagombanisha.

La kwanza ni kemikali iitwayo adenosini. Kadiri unavyokaa macho ndivyo inavyorundikana ubongoni na kope kuwa nzito, ukilala, hupungua. La pili ni saa ya mwili, kifungu cha seli zipatazo 20,000 ndani ya haipothalamasi (sehemu ndogo iliyo sakafuni mwa ubongo), juu kidogo ya mahali mishipa ya macho inapopishana. Seli hizo hupokea habari za mwanga kutoka machoni, kisha huamua ni lini tezi ndogo ya ubongoni iitwayo pineali itoe melatonini, homoni inayoutangazia mwili kwamba usiku umeingia.

Ukifika nyumbani saa moja asubuhi, adenosini imejaa, ndiyo maana unazama mara moja. Baada ya saa nne hivi sehemu kubwa yake imeondoka. Hapo saa ya mwili, ambayo imeshaona jua la ufukweni ulipokuwa ukishughulikia nyavu, inashikilia kwamba ni mchana na watu huwa macho. Tena wewe una shida ambayo hata muuguzi wa zamu ya usiku huenda hana. Mwezi ukiwa mkubwa omena hawavutwi na taa, basi mnapumzika na kulala usiku. Giza likirudi, mnageuza kila kitu. Saa ya mwili husogea polepole, kwa kadiri ya saa moja tu kwa siku, hivyo kabla haijakufikia umeshahama.

Fanya hivi: vaa kofia pana unapotoka ziwani, ziba dirisha kwa kitambaa kizito, na chai ya rangi au kahawa uiache tangu usiku wa manane. Kafeini hukalia vipokezi vya adenosini, kwa hiyo uchovu upo ila ubongo hausikii, na nusu yake bado imo mwilini saa tano hivi baadaye. Kisha lala tena kati ya saa nane na saa kumi alasiri, wakati ambao mwili wenyewe hulegea. Walio nyumbani nao wakulindie usingizi huo. Mvuvi anayesinzia mtumbwini yumo hatarini.

Binti yangu wa kidato cha tatu haamki saa kumi alfajiri kwa ajili ya prepu. Usiku hataki kulala. Ni uvivu? (Mama, Nakuru)

Hapana, mama. Katika ujana melatonini huchelewa kupanda, hata kwa saa moja au mbili kuliko kwa mtu mzima, na wakati huohuo kijana bado anahitaji usingizi wa saa nane hadi kumi. Kumwamsha saa kumi ni kumnyang'anya kipande cha mwisho cha usiku, ambacho ndicho chenye usingizi mwingi wa ndoto. Na ni katika usingizi ubongo hupanga na kuimarisha yale yaliyosomwa mchana! Mimi naona prepu za alfajiri zinawaibia watoto wetu, na wazazi tuna haki ya kulisema jambo hili kwenye mikutano ya shule. Kwa sasa, simu ikae mbali naye usiku, na asubuhi akae nje kwenye mwanga.

Mbona nikimeza Piriton kwa mafua nasinzia? (Nakuru)

Ubongo hutumia histamini, kemikali ileile inayoleta makamasi puani, kukuweka macho. Dawa hiyo huizuia puani, lakini huingia hadi ubongoni na kuizuia huko pia. Usiendeshe bodaboda ukiwa umeimeza.

Huwa naamka usiku siwezi kusogea wala kupiga kelele, na kuna kitu kimenikalia kifuani. Jirani anasema nimetumiwa. (Dada, Kakamega)

Pole sana, dada. Hilo ni jinamizi, na hakuna aliyekutumia. Unapoota, shina la ubongo hulegeza misuli yote isipokuwa ya macho na ule mkuu wa kupumulia ulio chini ya mapafu, ili usitekeleze ndoto zako kwa mikono na miguu. Mara nyingine fahamu hurudi kabla ya kufuli hiyo kufunguliwa. Misuli ya kifua bado imelegea, kwa hiyo pumzi unaihisi nzito, na mabaki ya ndoto yanakuonyesha mtu chumbani. Huisha kwa sekunde au dakika chache. Huwapata zaidi waliokosa usingizi na wanaolala chali, hivyo lala ubavu. Lakini kama mchana pia usingizi unakuvamia ghafla, au magoti yanalegea ukicheka, nenda hospitali: huenda umepungukiwa na seli za oreksini, kemikali iliyogunduliwa mwaka 1998, inayouwezesha ubongo kubaki macho.

Nyanya yangu alisimulia jinsi malale ilivyowalaza watu. Iliwezaje? (Busia)

Vimelea vinavyoletwa na mbung'o huanzia kwenye damu, kisha huingia ubongoni na kuivuruga saa ya mwili. Mgonjwa husinzia mchana na kukesha usiku, lakini ukijumlisha saa zote alizolala kwa siku, hazizidi sana za mtu mzima wa afya. Kinachovurugika ni mpangilio.

Mwaka 1917 daktari Constantin von Economo wa Vienna alieleza ugonjwa mwingine wa usingizi, na akaona kwamba walioumia nyuma ya haipothalamasi walilala kupita kiasi, na walioumia mbele yake walikosa usingizi kabisa. Hapo ndipo ilipoanza kueleweka kwamba kulala na kuamka kuna sehemu zake maalumu ubongoni.

Kenya ilipata mgonjwa wake wa mwisho aliyeambukizwa nchini mwaka 2009, na Agosti 2025 Shirika la Afya Duniani likathibitisha kwamba malale si tishio tena kwa afya ya umma hapa. Mbung'o hawajaisha, hasa bonde la Lambwe. Mtu aliyeumwa nao akipata homa isiyokoma na usingizi uliopinduka, apelekwe kupimwa damu.