Mji Mkongwe wa Zanzibar kabla hujashuka botini

Nasikia Beit al-Ajaib imebomoka. Forodhani kumebaki nini cha kuona?

Sehemu yake kubwa iliporomoka Desemba 2020, si yote. Jumba hilo la Sultani Barghash, la mwaka 1883, litazame kwa nje, kisha geukia Ngome Kongwe iliyojengwa na Waarabu wa Oman baada ya kumfukuza Mreno. Jioni kwenye bustani ya Forodhani ni urojo, mishikaki na juisi ya miwa. Uliza bei kabla hujauma.

Wazee wa barazani niwasalimie, au nipite kimya?

Kupita kimya ndiko kosa. Baraza zile za mawe ni sebule ya nje, nawe unakatiza mbele ya miguu ya watu. Mkubwa mpe shikamoo; "asalaamu alaykum" inafaa kwa wote. "Mambo" kwa mzee, hapana, hata kama kwenu Dar inapita. Ukishasalimia, siku utakayopotea vichochoroni (na utapotea) hutakosa mtoto wa kukufikisha uendako.

Kaptura je?

Ufukweni. Mjini funika mabega na magoti, wanaume nanyi pia.

Mkunazini niende na watoto?

Walio wakubwa, ndiyo. Kanisa la Anglikana limesimama palipokuwa soko la watumwa, lililofungwa mwaka 1873 Barghash alipotia saini mkataba kwa shinikizo la Waingereza. Askofu Edward Steere, aliyesimamia ujenzi, amezikwa nyuma ya madhabahu. Nje, ndani ya shimo, zipo sanamu za watumwa alizozichonga Clara Sörnäs, minyororo shingoni. Wapo wanaojipiga picha hapo huku wamekenua meno. Mimi naona ni utovu wa adabu, sina neno laini zaidi. Waelezeni watoto mnakokwenda kabla hamjafika getini.

Naruhusiwa kupiga picha milango ya nakshi?

Mlango piga upendavyo. Ukiwa wazi, usielekeze kamera ndani, kuna wenyewe. Watu waombe ruhusa kwanza. Mama akivuta mtandio usoni, jibu umeshalipata.

Tunakuja Ramadhani. Tuahirishe?

Msiahirishe. Mchana kula, kunywa na kuvuta sigara kufanyike hotelini, maana migahawa mingi ya mitaani hufungwa hadi magharibi. Mkialikwa kufuturu, kubalini, na adhana isiwakute njiani.