Shangazi, kila Jumatatu naanza dayati, Jumanne nimeshaharibu

Shikamoo Shangazi. Nina miaka 36, naishi Tabata, nina mume na watoto wawili. Mama yangu alikuwa na sukari miaka mingi, nikaogopa na mimi nitaishia hukohuko, ndo mwezi wa kwanza nikaanza kupunguza mwili. Nilikuwa na kilo 94. Niliacha soda, nikapunguza wali na chapati, natembea kila asubuhi, mwezi wa tano nikafika 83. Majirani wakaanza kuuliza kama naumwa. Mwezi wa sita mama akafariki, tukakaa Muheza wiki tatu, narudi Dar nina 88, sasa hivi 91. Wifi yangu kila akija anasema "si nilikwambia mwili wako ndo huohuo". Kila Jumatatu naanza upya, nashinda na maji ya ndimu na matango, Jumanne jioni pale kazini anapita muuza mihogo, nikishakula mihogo na soda basi najiambia leo imeshaharibika, nakula mpaka nalala. Nimechoka. Mimi ni mvivu au sina akili?

Marahaba mwanangu. Kwanza pole sana kwa mama. Nimeisoma barua yako mara mbili na kilichonigusa ni kwamba msiba umeuandika mstari mmoja tu halafu ukakimbilia kilo, kama vile kumzika mama ni kitu kilichokuharibia ratiba. Mwanangu, umefiwa na mtu ambaye ndo sababu ya wewe kuanza safari yote hii. Pale msibani sinia la wali linakuja, umekaa kwenye mkeka na shangazi zako na mama wadogo, mmelia tangu alfajiri, mtu anakusogezea tonge anakwambia kula mwanangu upate nguvu, ulitaka ukatae? Hapo hujafanya kosa lolote la kujisamehe, ulikuwa unazika.

Haya sasa tuje kwenye hizo kilo maana naona unazihesabu vibaya. Ulianza na 94 leo una 91, bado uko chini ya pale ulipoanzia. Alafu zile 5 ulizorudi nazo kutoka Muheza sio zote mafuta, ukitoka kula kidogo ukaanza kula wali na chumvi nyingi mwili unashika maji, kilo moja mbili zinapanda hivihivi na zinashuka zenyewe ukirudi kwenye chakula chako cha kawaida. Kama ungerudi tu kwenye uji wako na matembezi yako ya asubuhi wiki ileile, nadhani tusingekuwa tunaandikiana leo. Kilichokutoa 88 kikakupeleka 91 ni hilo neno "imeshaharibika".

Hilo neno sio lako peke yako. Mwaka 1975 kule Marekani watafiti wawili, Herman na Mack, waliwapa wasichana wa chuo milkshake, yaani ile maziwa ya barafu yenye sukari, wengine hawakupewa, kisha wote wakaambiwa waonje ice cream wale kiasi wanachotaka. Ungetegemea aliyekunywa milkshake ale ice cream kidogo kwasababu ameshashiba, si ndio? Wale wasiokuwa kwenye dayati ikawa hivyo. Lakini wale wanaojibana na chakula, waliokunywa milkshake ndo walikula ice cream nyingi kuliko wenzao wa dayati ambao hawakunywa kitu. Walishajiona wamevunja sheria, kwahiyo leo si ya kuhesabu tena. Ndo wewe na mihogo yako Jumanne. Soda moja ya chupa ina sukari kama vijiko vinane vya chai, ni nyingi ndio, lakini haiwezi kukuongezea kilo 3. Ni yale ya kuanzia saa kumi na moja jioni mpaka unalala, yote kwa jina la kesho kutwa nitaanza.

Na ukishakula unajitukana. Unajiita mvivu, huna akili. Unadhani ukijichapa hivyo ndo utakuwa na msimamo, mi nakwambia ni kinyume chake. Mwaka 2007 watafiti Adams na Leary waliwalisha wanawake donati, baadhi yao wakaambiwa kwa upole kwamba kila mtu anakula hivi vitu mara mojamoja msijisikie vibaya, baadae wakawekewa pipi. Wanawake wa dayati walioambiwa maneno yale ya upole walikula pipi kidogo kuliko wale wasioambiwa kitu. Aliyejisamehe anarudi mapema, aliyejitukana anatafuta cha kujifariji na kilicho karibu ni chakula.

Lakini pamoja na yote hayo mi naona tatizo lako kubwa sio Jumanne, ni Jumatatu. Ebu soma tena ulichoniandikia, maji ya ndimu na matango siku nzima! Mwanamke anayefanya kazi, anapanda daladala, ana watoto, ana majonzi, anashindia matango? Hiyo ni adhabu mwanangu, unajiadhibu kwa kosa la wiki iliyopita. Sasa mwili ulionyimwa Jumatatu Jumanne saa kumi unanusa mihogo inayokaangwa, kuna pilipili na ndimu pale pembeni, nani atapita? Hata mimi nisingepita. Isitoshe mtu aliyepungua mwili wake unakuwa na njaa kuliko mwanzo. Huko Melbourne, Australia, walifuatilia watu 50 waliopunguza uzito, matokeo yakatoka 2011, mwaka mzima baada ya kupungua homoni zao za njaa bado zilikuwa hazijarudi zilipokuwa. Kwahiyo ukisikia njaa usiseme sina msimamo, mwili wako unataka kurudisha ulichopoteza, unatakiwa kuulisha vizuri sio kuushindisha.

Mimi nilipokuwa na miaka 45 niliambiwa presha yangu ni 160 kwa 100 nikapunguza kilo 8, nikaja kuteguka mguu nikakaa ndani miezi miwili. Nililia sana, maana nilikuwa nategemea kutembea. Kilichonirudisha ni kwamba niliacha kuandika kilo kwenye daftari nikawa naandika kitu kimoja tu, baada ya kuteleza nimerudi saa ngapi. Mwanzoni nilikuwa narudi baada ya siku tatu. Ikawa kesho yake. Ikawa mlo unaofuata. Sijawahi kufika mahali ambapo sitelezi, ila naamka haraka.

Kwahiyo fanya hivi. Hakuna kuanza Jumatatu. Asubuhi kula kabla hujatoka, mayai mawili na kiazi kitamu au uji usio na sukari nyingi, mchana ugali wako wa kiasi na mboga za majani nyingi na dagaa au maharage. Mihogo usiikataze, chagua siku, kula vipande viwili na maji badala ya soda, kaa chini ule taratibu, usile umesimama kwa kujificha kama mwizi. Na ukila zaidi ya hapo basi umekula zaidi ya hapo, usiku unakula chakula chako cha kawaida kama kawaida. Usiruke mlo kufidia, hapo ndo tutarudi kwenye matango. Matembezi rudisha kidogokidogo, shuka kituo kimoja kabla.

Na lengo lako hujaniambia ila naotea ni zile 65 za kabla hujaolewa. Ziache kwanza. Kuna utafiti mkubwa wa Marekani uliotoka 2002, watu zaidi ya 3,000 waliokuwa kwenye hatari ya kupata kisukari, kundi lililopewa lengo la kupunguza asilimia 7 ya uzito na kutembea dakika 150 kwa wiki, hatari yao ilipungua kwa asilimia 58. Kwako ukitoa asilimia 7 kwenye 94 unabaki na kama kilo 87. Zimebaki kilo 4 tu mwanangu! Ile hofu uliyoanza nayo kwa ajili ya mama, jibu lake liko kilo 4 mbele yako wewe unalia hujafika 65.

Nenda pia hospitali upime sukari na presha, mwambie daktari mama alikuwa na kisukari, na kama unatumia sindano ya uzazi wa mpango mwambie, kuna wanaoongezeka uzito kwa ajili hiyo. Kama usiku hulali au unalia kila siku, au ukishakula unajitapisha, liseme hilo kwanza kabla ya kilo.

Wifi mwachie kaka yake. Mwambie mumeo usiku mkiwa wawili, bila ugomvi, kwamba yale maneno yanakuumiza, aongee nae yeye. Na majirani wakiuliza tena kama unaumwa wajibu unakimbia sukari iliyomchukua mama yako, uone kama hata mmoja hatakuja asubuhi mtembee wote.

Niandikie tena baada ya wiki tatu. Kilo usinitajie. Nataka unisimulie siku moja iliyokwenda vibaya, ulikula nini, na mlo uliofuata ulikuwa nini.