Chumba kimekwenda pogo? Usianzie mbao ukutani

Ndugu yangu uliyeuliza kuhusu chumba cha ghorofani Mji Mkongwe: urefu mita 5, upana sm 270 mlangoni na sm 262 dirishani, na fundi anataka kuanza kupiga sakafu ya mbao kwenye ukuta wa kushoto kwa kuwa "umenyooka". Mzuie kwanza. Nimepiga sakafu za mbao katika nyumba za namna hiyo na sijaona ukuta wa kuuamini.

Kuta zile ni mawe ya matumbawe na chokaa, nene, zimefuata uchochoro ulivyopinda. Wembamba wa chumba umetokana na boriti za mikoko, ambazo kwa kawaida hazivuki zaidi ya mita 3 hivi. Kisha kila aliyeikaa nyumba akaongeza lipu yake. Basi usipime ncha mbili tu. Pima upana kila nusu mita, chini kabisa usawa wa sakafu, maana lipu huvimba pasipotarajiwa.

Sasa tuseme mbao zako zina upana wa sm 9. Ukiacha nafasi ya sm 1 kila ukuta ili mti upate pa kutanukia wakati wa masika, umebakiwa na sm 268 mlangoni na 260 dirishani. Ukianzia kushoto, mbao 29 zinakula sm 261. Mlangoni patabaki pengo la sm 7, na dirishani ubao wa 29 wenyewe umeshazidi. Hapo utalazimika kuchonga kipande kirefu kinachokwisha kama ncha ya mkuki, na upogo wote wa chumba umerundikwa upande mmoja. Kila aingiaye atauona kabla hajakaa.

Anzia katikati. Tafuta nusu ya upana mlangoni na nusu ya upana dirishani, vuta uzi wenye chaki baina ya alama hizo, upige. Kila upande sasa una sm 134 ukipungua hadi 130. Kiungo cha mbao mbili kikikaa juu ya mstari, mbao 14 kila upande ni sm 126, na ubao wa mwisho unaanza na sm 8 unamalizikia sm 4, kushoto sawa na kulia. Jicho halilalamiki. Lakini angalia: ukiweka katikati ya ubao juu ya mstari badala ya kiungo, ile ncha ya mkuki inarudi, safari hii pande zote mbili. Ndiyo maana nasisitiza hesabu ifanywe kwenye karatasi kabla msumeno haujashikwa.

Kila ubao una ulimi ubavu mmoja na mfereji ubavu wa pili, ulimi wa huu uingie mfereji wa ule; mbao mbili za katikati zitatazamana mfereji kwa mfereji. Chonga kijiti chembamba cha mti uleule, ukitie gundi, kiwe ulimi wa zote mbili. Kutoka hapo unakwenda kushoto na kulia kama kawaida.

Mapapi ya chini, yaani miti myembamba ambayo mbao hupigiliwa juu yake, yakae pembe mraba na uzi, si na ukuta. Pima sm 120 juu ya mstari, sm 90 kwenda pembeni. Mshazari ukitoa sm 150 kamili, umepata. Sakafu ya chokaa ikiwa na mabonde, inua papi kwa vipande vya mbao. Usikubali kumwagiwa zege la saruji juu yake: ni mzigo kwa boriti, na linaizuia chokaa kupumua.

Ubao wa mwisho hauchongwi kwa kukisia. Ulaze juu ya ubao mzima wa mwisho uliokwisha pigwa, ulingane nao. Chukua kipande cha ubao huohuo, ulimi umeshakatwa, kiegemeze ukutani kukiwa na kijiti cha sm 1 katikati, kisha kiburute urefu wote wa chumba huku penseli ikifuata ukingo wake wa ndani. Ukikata kwenye alama hiyo, kila kifundo cha ukuta kimo. Ubao huo wa mwisho upigwe misumari kwa juu, karibu na ukuta; ubao wa pembeni, ule unaosimamishwa chini ya ukuta, utaifunika.

Mti gani? Kwangu mimi mninga, hautanuki wala kusinyaa sana. Uulaze ndani ya chumba hichohicho wiki kadhaa, ukitenganishwa kwa vijiti, madirisha wazi mchana. Na kabla hujanunua chochote, pima mlango: papi na ubao vitapandisha sakafu, na kama ni mlango wa zamani wa nakshi, punguza unene wa papi, mlango usiguswe.