Herufi ya mwisho ya Datsun

Mwanangu,

Umeniuliza kama pikapu ya babu yako, ile Datsun 1200, bado itapata spea au umpe yule mtu wa chuma chakavu aliyekuja na mizani. Spea za injini ukizitafuta utazipata. Tabu ni bodi, kutu imeshakula hadi chini ya milango. Lakini mimi naona hujauliza kwa nini pale mbele imeandikwa DATSU.

Jina halichezewi, nimekwambia tangu utotoni. Hilo la Datsun lilitungwa kwa herufi za watu. Mwaka 1914 kule Tokyo, Masujiro Hashimoto aliliita gari lake DAT: Den, Aoyama na Takeuchi, wenzake 3 waliomtolea mtaji. Mwaka 1931 likaja gari dogo, wakaliita Datson, yaani mtoto wa DAT kwa Kiingereza. Kumbe “son” kwa Kijapani ni hasara! Nani atanunua gari lenye hasara kwenye kipaji cha uso? Baadaye wakatoa o wakatia u, “sun”, likawa la jua, kama bendera yao.

Herufi moja tu. Na mimi niliiba moja.

Ilikuwa Pasaka ya 1982. Dereva Shekhar Mehta alikuwa anaelekea kushinda Safari Rally mara ya 4 mfululizo, zote kwa Datsun. Babu yako alinipandisha juu ya kebini, alfajiri, kando ya barabara ya vumbi. Tukasikia mlio kwanza, halafu taa, halafu mawe yakitupiga miguuni. Babu alipiga honi ya pikapu kama mtu aliyepata mjukuu.

Usiku huo nikaing’oa N kwa kisu cha jikoni. Shuleni nikasema imedondoka kwenye gari la Mehta, nami nimeiokota. Waliamini wote! Wiki nzima nilikuwa mfalme.

Babu aliliona pengo. Akapitisha kidole gumba kwenye matundu mawili, akanitazama, akawasha gari akaenda zake. Hakuniuliza siku ile wala siku nyingine. Watu wakaanza kumwita Mzee Datsu, na hata siku ya mazishi umesikia mwenyewe walivyomtaja. Angenichapa tu.

Mamako atasema nakuza mambo, mbona Wajapani wenyewe walilifuta jina lote? Kweli, mwaka 1981 walianza kuliondoa ili kila gari liitwe Nissan. Na kwa haki, Nissan lilikuwa jina la kampuni yenyewe iliyoyatengeneza tangu 1934. Kwa nini mtoto ajulikane kuliko mzazi? Sawa. Lakini waliotutimulia vumbi walikuwa Datsun. Mwaka 2013 wakalirudisha kwa magari ya bei nafuu, wakaanzia India, na 2022 wakalizima tena. Jina halichezewi, hata na mwenyewe.

Pikapu babu alikuachia wewe, si mimi, kwa hiyo sisemi uza wala usiuze. Ningekuwa wewe ninge... basi, nimesema sisemi. Huyo wa mizani akirudi, mwambie angoje Jumamosi nije. N ninayo, iko kwenye kopo la misumari. Nataka kuona kama bado inaingia kwenye matundu yale.

Babako