Pampu ilitetemeka, tukaongeza uzito, sasa inatetemeka zaidi

SWALI: Mhandisi, salaam. Nina pampu ya maji ya nyumba ya wageni. Pampu na mota yake ni kilo 150, juu ya meza ya vyuma vya pembe yenye kimo cha nusu mita. Mota inazunguka mara 1,450 kwa dakika. Ilikuwa ikitetemeka, fundi akafunga vyuma chakavu kilo 60 juu ya meza ili itulie. Sasa mtetemo umezidi na nati zinalegea kila wiki. Nikizima, mtetemo unakatika kabla hata kasi haijashuka sana. Fundi anataka kuongeza kilo 60 nyingine na kuweka vipande vya tairi chini ya miguu. Nimruhusu?

JIBU: Usimruhusu, ndugu yangu. Na zile kilo 60 za kwanza zitoe leo.

Mota yako inaisukuma meza mara 24.2 kwa sekunde, yaani 24.2 Hz. Mtetemo uliozidi baada ya kuongeza uzito, kisha ukawa unakatika kasi ikishuka kidogo tu, unaonyesha kwamba frikwensi asilia ya meza (idadi ya mara kwa sekunde ambazo meza hutikisika yenyewe ukiigonga) imeangukia hapo hapo kwenye 24. (Hitilafu ya umeme ndani ya mota nayo hukatika ukizima, lakini hiyo isingeamshwa na vyuma chakavu.) Frikwensi asilia hufuata kipeuo cha pili cha ukakamavu (jinsi meza inavyokataa kunepa) kugawanywa kwa uzito. Kwa hiyo rudi nyuma: 24.2 mara kipeuo cha pili cha kilo 210 za sasa kugawanywa kwa 150 za mwanzo ni kama 28.6. Hapo ndipo meza ilipokuwa mwanzo, juu ya kasi ya mota, ikikuza mtetemo karibu mara tatu na nusu. Fundi aliichukua kutoka 28.6 akaiteremsha hadi kwenye kasi ya mota yenyewe.

Hili la "ongeza uzito itulie" limeharibu mashine nyingi mno. Kanuni hiyo ni ya msingi wa zege uliokaa ardhini, ambako mafundi huhesabu zege lenye uzito mara tatu wa mashine inayozunguka na mara tano kwa mashine ya pistoni. Juu ya meza inayonepa mambo ni mengine. Kilo 60 za pili zingekupeleka kwenye 21.3, ambako mtetemo bado unakuzwa mara tatu na nusu, sasa kutoka upande wa chini, na kila unapowasha au kuzima pampu ingepita katikati ya kilele. Ili uzito peke yake uiteremshe meza hadi nusu ya kasi ya mota ungehitaji kama kilo 840 kwa jumla. Miguu ya vyuma vya pembe haibebi mzigo huo.

Dawa yako ni ukakamavu. Chomelea vyuma vya mshazari pande zote nne za meza, kutoka juu ya mguu mmoja hadi chini ya mwingine, kisha funga miguu kwenye zege kwa boliti za nanga. Ukakamavu ukiongezeka mara mbili, utafika kama 40 Hz na ukuzaji utashuka hadi mara 1.6. Ukiongezeka mara nne, utafika 57. Usiishie mara tatu: hapo ni 49.5, na kaplingi (kiungo cha mota na pampu) isiyonyooka husukuma mara mbili kwa kila mzunguko, yaani 48.3. Acha nafasi ya asilimia 15 kutoka kwenye namba zote mbili, 24.2 na 48.3.

Usikisie. Pampu ikiwa imezimwa, ina maji ndani na mabomba yameunganishwa, weka simu juu ya meza na programu ya bure kama phyphox, gonga meza kwa nyundo ya mpira, usome kilele cha mtetemo. Gonga kwa ubavu, kwa mbele na kwa juu, maana kila upande una frikwensi yake. Simu inayosoma mara 100 kwa sekunde haioni zaidi ya 50 Hz.

Kuhusu tairi: gawanya 15.8 kwa kipeuo cha pili cha milimita ambazo mpira unabonyea chini ya mzigo, upate frikwensi asilia ya pampu juu ya mpira huo. Kipande kikibonyea nusu milimita, unapata 22 Hz, na kwa kuwa mpira ukitikiswa huwa mkakamavu kuliko ukiwa umetulia, namba halisi inapanda kuelekea 24. Yaani unanunua tatizo lile lile upya. Mpira unaozuia mtetemo kwa kasi yako lazima ubonyee kama milimita 4, ufike karibu 8 Hz, na huo huuzwa ukiwa umeandikwa mzigo wake. Mabomba nayo yatahitaji viungo vinavyonyumbulika, la sivyo yatapasuka.

Wanaofunga inverta za sola (vifaa vinavyoendesha mota kwa umeme wa jua) wawe waangalifu zaidi. Kasi ya pampu hupanda na kushuka na jua, kwa hiyo meza iliyokuwa salama kwa 1,450 inaweza kukaa kwenye kilele saa nzima asubuhi mizunguko ikiwa 1,100. Inverta nyingi zina mpangilio wa kuruka frikwensi fulani, uwashwe. Wanaokuuzia beringi mpya kila baada ya miezi mitatu hawakuambii hili. Beringi inakufa kwa sababu ya meza. Na ufa mmoja wa weldi ukila robo ya ukakamavu, 40 Hz inakuwa 35, kwa hiyo rudia kugonga kila baada ya miezi michache.