Maswali ya wasomaji: Jaketi la softisheli si koti la mvua

SWALI: Ndugu mhariri, ndiyo kwanza naanza upagazi njia ya Marangu, Mlima Kilimanjaro. Wenzangu wanasema ninunue jaketi la softisheli pale soko la Memorial, eti linazuia mvua, upepo na baridi, vyote kwa pamoja. Ni kweli? Na kwenye mitumba nitalitambuaje lililo zima?
Msomaji, Moshi

JIBU: Kwa upepo, kweli. Kwa mvua, hapana, na hapo ndipo watu wanapoloana mlimani.

Softisheli ni kitambaa cha polista au nailoni chenye uzi unaovutika. Nje kimefumwa kwa kubana, ndani mara nyingi kina manyoya mafupi. Kazi yake ni kukata upepo huku kikiruhusu jasho litoke. Manyunyu hayakisumbui, kwa sababu kwa nje hupakwa dawa ya kufukuza maji. Lakini mishono yake kwa kawaida haizibwi kwa utepe kama ya koti la mvua. Mvua ikikaza, maji huanzia mabegani, pale mikanda ya begi inapokandamiza, kisha huingilia kwenye zipu. Kutoka geti la Marangu hadi kambi ya Mandara (mita 2,720) unapita msituni, na mvua huko ni jambo la kawaida. Vaa koti la mvua, softisheli ifunge ndani ya mfuko wa plastiki. Utaifaidi kuanzia kambi ya Horombo (mita 3,720) kwenda kambi ya Kibo (mita 4,720), ambako ni uwanda mtupu na upepo hauna wa kuuzuia.

Sasa, ziko za aina mbili: zenye utando, yaani tabaka jembamba la kuzuia upepo na maji, katikati ya kitambaa, na zisizo nao. Muuzaji huenda asijue, ila mdomo wako utajua. Bana kitambaa mdomoni, puliza kwa nguvu. Pumzi ikitokea upande wa pili, hakuna utando. Ikigoma kabisa, upo. Kwa mpagazi mwenye mzigo wa kilo 20 tunashauri isiyo na utando, au yenye utando kifuani na mabegani tu. Ukipandisha na mzigo unatoka jasho jingi. Utando ukilizuia, fulana inaloa, na ukisimama kupumzika ndipo baridi inapokukamata. Kwa sababu hiyohiyo usivae fulana ya pamba ndani. Pamba hunywa jasho na haikauki upesi. Vaa ya polista, kama jezi ya mpira.

Lijaribu ukiwa umevaa sweta, maana huko juu ndivyo utakavyolivaa. Nyanyua mikono yote miwili kana kwamba umeshika mzigo kichwani. Pindo la chini likipanda juu ya mkanda wa suruali, liache. Mikono ya jaketi ikirudi nyuma zaidi ya upana wa vidole viwili kutoka kwenye kifundo cha mkono, liache pia. Tazama na kwapani: jaketi lililoshonwa kwa ajili ya kazi huwa na kiraka cha pembe nne hapo, ndicho kinachoruhusu mkono kupanda bila kuvuta pindo. Mishono minne ikikutana katika nukta moja, ndipo jaketi litakapoanza kuchanika. Na kama unabeba begi lenye mkanda wa kiunoni, mifuko ya chini itafunikwa. Tafuta lenye mfuko wa kifuani.

Kisha ligeuze ndani nje, kwenye mwanga wa jua. Malengelenge kwenye kitambaa, vipande vinavyobanduka kama ngozi iliyoungua, au hali ya kunatanata maana yake gundi ya utando imekufa. Hilo halitengenezeki, hata wakikuuzia kwa bei ya kutupa. Zipu iliyochoka fundi ataibadilisha. Saizi usiiamini kwa kuisoma: L ya Asia mara nyingi ni M ya Ulaya.

SWALI: Mimi si mpagazi, ni mgeni ninayepanda hadi kilele cha Uhuru. Softisheli pekee inatosha usiku wa kilele?
Msomaji, Dodoma

JIBU: Haitoshi. Uhuru ni mita 5,895, na alfajiri baridi hushuka chini ya nyuzi 10 hasi. Vaa fulana ya polista au ya sufu, flisi (sweta laini la manyoya ya polista), softisheli yenye utando, na juu yake jaketi nene la manyoya ya bata. Utando hapa unafaa kwa sababu mwendo ni wa polepole na jasho ni kidogo.

SWALI: Jaketi langu la softisheli zamani maji yaliteleza juu yake, sasa linanyonya. Limekwisha?
Msomaji, Arusha

JIBU: Huenda ni uchafu tu. Funga zipu na velkro zote, lifue kwa maji ya vuguvugu, nyuzi 30, na sabuni ya maji kidogo. Suuza mara mbili. Usitie kilainisha nguo kabisa, kwani huacha mafuta yanayovuta maji na kuziba vitundu vya jasho. Likishakauka, weka kitambaa cha pamba juu yake na upige pasi ya moto mdogo bila mvuke. Joto huiamsha ile dawa ya kufukuza maji. Dondoshea maji begani. Yakisimama kama shanga, limepona. Yakizama, nunua dawa ya kupulizia ya kufukuza maji, uipulizie jaketi likiwa bado bichi baada ya kufuliwa, ukizidisha mabegani na kwenye mikono.