Ripstopu ya bei nafuu: pa kuipata na namna ya kuitambua

Mkuu, umeuliza upate wapi ripstopu (kitambaa kilichofumwa kisichanike ovyo) ya bei nafuu ya kushonea turubai la kambini na vifuko, na utajuaje kama unauziwa kitu chenyewe. Nashona vifaa vyangu mwenyewe kwa muda mrefu sasa, nitakujibu kwa ninavyofanya.

Pa kupata: usianze na maduka ya vifaa vya kambi, huko unalipia jina. Angalia mahema mabovu (nguzo zikivunjika watu huuza kwa bei ya kutupa na kitambaa bado kizima), makoti ya mvua ya mitumba, maganda ya mifuko ya kulalia, tiara kubwa, matanga ya boti na mabaki ya viwanda yanayouzwa kwa kilo. Hema moja la watu wanne lina kitambaa cha kukutosha turubai na vifuko kadhaa.

Sasa kukitambua. Ripstopu ni ufumaji: katika mtande na mshindio (nyuzi za urefu na za upana) huwekwa nyuzi nene kila baada ya milimita chache, ndiyo ile miraba unayoiona. Vipo vitambaa vilivyochapwa miraba juu tu. Pitisha ukucha, utazisikia nyuzi zimeinuka. Kama una kipande cha kuharibu, kikate kidogo pembeni kwa mkasi kisha kichane kwa mikono: cha kweli mpasuko unakwama kwenye uzi mnene na mkono unasikia kabisa, cha bandia unakwenda moja kwa moja.

Miraba haikwambii uzi ni wa nini, na hapo ndipo wengi wanapoumia. Chomoa nyuzi chache, zishike kwa kibanio juu ya beseni la maji, uziwashe. Nailoni inajikunja, inayeyuka na kunuka kama seleri. Poliesta inatoa moshi mweusi wenye harufu ya utamutamu. Zote zinaacha kidonge kigumu. Ukisikia harufu ya karatasi na kubaki majivu laini, kuna pamba. Kwa turubai mimi nachagua poliesta bila kusita, kwa sababu nailoni ikilowa inalegea: umeifunga jioni ikiwa imekaza, usiku wa mvua inabonyea na maji yanatuama. Poliesta pia inavumilia jua zaidi. Kwa mabegi nailoni ni bora, inastahimili misuguano.

Uzito usiukisie. Pima kipande kizima kwa mizani ya jikoni, gawanya kwa eneo lake. Turubai jepesi natafuta gramu 40 hadi 70 kwa mita ya mraba. Begi la mgongoni kuanzia 120 hivi. Namba ya denia anayokutajia muuzaji ni uzito wa uzi kwa gramu katika mita 9,000, haihesabu mpako (tabaka la kuzuia maji lililopakwa juu ya kitambaa), kwa hiyo denia 30 mbili zinaweza kupishana sana mkononi.

Mpako nao una kipimo chake: bandika seloteipu. Ikishika vizuri huo ni poliyurethani, ikiteleza ni silikoni. Lazima ujue kabla ya kushona, maana mishono ya kitambaa cha silikoni inazibwa kwa silikoni tu, kingine chochote kitabanduka. Na kwenye mahema ya zamani nusa upande wa ndani. Mpako wa poliyurethani uliooza unanata, unatoka magamba na kunuka kama matapishi. Hicho kiache hata ukipewa bure, maji yatapita.

Mwisho, maji: tengeneza kikombe kwa kitambaa, mimina maji, subiri kisha sugua chini kwa kidole kikavu. Kikitoka na unyevu, kitambaa hicho kishone vifuko vya nguo, usilale chini yake. Kushona tumia sindano namba 70 au 80 na uzi wa poliesta, na pini zichome kwenye ukingo wa ziada unaobaki nje ya mshono pekee, kwani tundu la pini kwenye mpako halijifungi.